Paka wa Mwamgongo Aliyekatazwa Dagaa

Kaka yangu Kalisti alihamia kwangu Ujiji mwaka juzi, magoti yalipomkatalia kabisa kupanda mtumbwi. Nilimpokea bandarini Kibirizi. Alishuka kwenye boti na begi moja la nguo na kikapu alichokifunga mdomo kwa kitenge cha marehemu mke wake. Ndani ya kikapu alikuwemo paka, jike la rangi ya majivu, jina lake Kibibi.

"Huyu sikuweza kumwacha, Mage," aliniambia. "Tangu wifi yako afariki, ndiye niliyekuwa nakula naye."

Mimi sikuwahi kufuga paka. Nilitoka kijijini kwetu Mwamgongo nikiwa na miaka kumi na minne kwenda shule, nikawa mwalimu, nikastaafia mjini. Lakini kaka alipoingia nyumbani, niliianza kila siku kwa kusikia Kiha kile cha mama yetu, chenye maneno ambayo Ujiji huyasikii. Kwa ajili hiyo ningekubali hata aje na mbuzi.

Mvua zilipoanza, Kibibi akaanza kujikuna. Mwanzoni shingoni tu, kisha masikioni, kisha tumboni. Alijikuna mpaka mguu ukawa unagonga sakafu mfululizo kama mtu anayebisha hodi. Manyoya yakanyonyoka, vikabaki vipele na vigaga. Kaka alimpaka mawese, kama mama alivyotupaka sisi tulipokuwa na upele. Paka aliyalamba yote, na nyayo zake nyekundu ziko kwenye kochi langu mpaka leo. Tukajaribu majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Hakuna kitu. Mwishowe kaka akaja na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, aliyopewa na jamaa wa Kalinzi. Ile sikuikubali. Tulimtia Kibibi kikapuni tukaenda kwa mtaalamu wa mifugo, binti anayeitwa Yunisi.

"Mama, umefanya vizuri kuja kwanza," alisema alipoiona chupa. "Dawa nyingi za ng'ombe zinaua paka. Analamba manyoya, anaimeza."

Alimchana kwa kitana chembamba juu ya karatasi nyeupe akitafuta viroboto, hakuona hata mmoja. Hata hivyo alimdondoshea dawa ya viroboto kisogoni, akatuagiza tuchemshe matandiko anayolalia, turudi baada ya mwezi. Tuliporudi, Kibibi alikuwa vilevile.

"Anakula nini?" Yunisi akauliza.

Kaka akacheka. "Dagaa. Paka wa ziwani ale nini kingine?"

Yunisi hakucheka. Alitueleza kwamba wapo paka ambao mwili unakikataa chakula fulani, hata kile walichokila miaka yote, na ngozi ndiyo inayolalamika. "Nyama ya mbuzi amewahi kula?"

"Mimi mwenyewe naila Krismasi tu," kaka akajibu.

"Basi apewe hiyo peke yake, wiki nane. Dagaa asionje, Mzee. Hata kichwa kimoja."

Nikawa nanunua vipande vya mbuzi, navichemsha bila chumvi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kibibi akaendelea kujikuna. Nilianza kumlaumu Yunisi moyoni, nikaona ujana wake ndio unaotuhangaisha.

Siku moja nilikwenda Katonga sokoni, nikasahau pochi, nikarudi njiani. Nilimkuta kaka uani, amekaa kwenye kigoda na sahani ya dagaa wa kukaanga mapajani. Alikuwa anaongea na paka kwa Kiha, polepole. Anakula mmoja, anampa mmoja.

"Kaka," nikasema.

Hakushtuka. Alifuta vidole kwenye suruali.

"Tangu lini?"

"Siku zote," alisema. "Nilidhani kidogo hakidhuru. Unamkumbuka mama alivyokuwa anaanika kule ufukweni? Sisi tumeshika vijiti tunafukuza ndege, njaa inatuuma, na konzi ya kwanza inakwenda kwa paka."

Nilikumbuka. Nilikumbuka changarawe zilivyochoma nyayo, na mgongo wa mama umeinama, na harufu ile iliyokaa kwenye nywele zangu hata nilipofika shule, wasichana wa mjini wakasogeza viti. Nilikumbuka pia nilivyomnung'unikia mama kuhusu yule paka.

"Ulilia," kaka akasema. "Mama akakwambia, wewe unajua kuomba, yeye hajui."

"Nilikuwa nimelisahau hilo."

"Mimi nikila mbele yake nisimgawie, chakula hakipiti, Mage. Naona kama mama amesimama pale mlangoni."

Nilivuta kigoda kingine nikakaa. Nilichukua dagaa mmoja kwenye sahani yake nikamtafuna mzima, na kichwa chake, kama zamani. Sikuwa na hasira tena, ila Kibibi alikuwa ameanza kujikuna miguuni petu, na sikio lake lilikuwa linatoka damu.

"Basi na sisi tuache," nikamwambia. "Dagaa wasiingie humu ndani mpaka apone. Hutakuwa na cha kumnyima."

Alinitazama kama nimemwambia tuhame nchi. Halafu akatikisa kichwa, akakubali.

Tulianza kuhesabu wiki upya. Tulikula maharage, kunde, majani ya muhogo, na mchuzi wa mifupa ya mbuzi. Jirani yangu Leonia aliuliza kama tumejiunga na dhehebu jipya. Lakini jioni zile, kwa kuwa dagaa hawakuwepo, tuliwazungumzia. Kaka alinisimulia habari za nyavu, taa za kuvulia usiku, na wenzake ambao sikuwahi kuwajua kwa sababu nilikuwa nimeshaondoka. Mimi nilimweleza miaka yangu ya bweni, ambayo hakuwahi kuniuliza. Wiki ya sita, manyoya laini yalianza kuota shingoni. Ya nane, vigaga vilikuwa vimeisha.

Yunisi alitutaka tuhakikishe, tumpe dagaa mmoja tu. Siku ya tatu mguu ukaanza tena kugonga sakafu. Hatukujaribu tena.

Siku hizi, Jumamosi, mimi na kaka tunakwenda kula dagaa kwa mama lishe mmoja pale Katonga, tukitazama ziwa. Tunanawa kwa sabuni mara mbili kabla ya kurudi. Kibibi hutupokea mlangoni, ananusa vidole vya kaka kimoja kimoja, kwa makini sana, na kaka anasimama kimya, ameutoa mkono, mpaka amalize.