Gari la Gurudumu Moja

Shemeji yake alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililomfunga dereva mdomo. Wiki mbili baada ya kumzika dada yake, mke wa dereva, alikuja kumsaidia usafi. Alifua mapazia, akapanga vyombo, kisha akaliona jiwe la kuzuia mlango wa jikoni. Jeusi tii. Akadhani ni masizi, akalimwagia dawa ya choo na kulisugua kwa brashi ya waya hadi likabaki rangi ya mchanga.

"Ona, shemeji, sasa linapendeza."

Dereva alishukuru. Aliingia chumbani, akaketi upande wake wa kitanda, ingawa sasa pande zote zilikuwa zake.

Jiwe lile alilitoa jangwani zamani, alipokuwa akiwaendesha wapima madini. Mkewe, ambaye hakuwahi kufika huko, alichora gari juu yake kwa ncha ya msumari. Kila alipokwaruza weusi, weupe ulijitokeza. Gari lilikuwa na gurudumu moja tu. Alipoulizwa, mkewe alisema la pili limepelekwa kuzibwa pancha, naye ataliongeza siku mume atakapotulia nyumbani. Dereva alistaafu, akatulia. Gurudumu halikuongezwa. Walijua muda upo.

Kesho yake alilifunga jiwe kwa taulo na kulipeleka maabara ya madini, kwa fundi aliyefanya naye kazi miaka mingi.

"Miaka yote unalalamika mawe yetu yanakuvunjia springi," fundi alimtania, "leo umejiletea la kwako?"

Kisha akamtazama usoni, akasogeza hadubini pembeni na kumvutia kiti.

Dereva alitaka jambo moja tu: weusi urudi, na gari lake lionekane. Fundi alilipitisha jiwe chini ya taa. Alimweleza kwamba weusi ule haukutoka ndani ya jiwe. Upepo huleta vumbi laini la udongo, umande kidogo hulishikisha, jua hulikausha, na madini ya chuma na manganizi hujijenga juu ya jiwe, tabaka jembamba kuliko unywele. Wengine husema vijidudu visivyoonekana husaidia. Wataalamu bado wanabishana.

"Inachukua muda gani?"

"Maelfu ya miaka, kaka."

Dereva alicheka kidogo, kwa heshima tu.

Fundi alisema anaweza kulipaka rangi nyeusi, naye dereva alichore gari upya. Dereva akanyoosha kidole juu ya jiwe ili aonyeshe gari lilipokuwa. Kidole kikasimama. Lilielekea nje, au lilielekea jikoni? Lilikuwa likiondoka, au likirudi? Alilipita kila siku kwa miaka, na hakujua.

"Basi, liache," alisema.

Aliporudi nyumbani aliliweka juu ya ukuta wa uani, palipo wazi. Jioni shemeji alipita, akalikuta limeshaingia vumbi. Alimtania kwamba wanaume ukiwapa wiki moja tu, nyumba inageuka stoo, akachukua kitambaa.

"Usilifute, shemeji."

"Litachafuka tena."

"Ndiyo," alisema dereva.

Shemeji alimtazama, akakikunja kitambaa polepole, akakirudisha mfukoni.