Maji ya Maganda ya Tangawizi

Haya alinisimulia jirani yangu Suk-Fong, kipupwe kilichopita, hapa hapa Oakland. Binti yake Corinna alikuwa amejifungua, na kwao Wachina mzazi haoshi nywele mwezi mzima, baridi isije ikamwingia kichwani. Suk-Fong akahamia kwa binti na chungu chake cha supu ya miguu ya nguruwe, ya kumpa mzazi nguvu, ameapa mwiko hauvunjwi.

"Mama, kichwa kinaniwasha! Mimi nimekulia huku."

"Umekulia huku, mifupa ni ya kwetu. Ukizeeka kichwa kikakuuma, utanilaumu nikiwa kaburini."

"Basi nitakulaumu. Naoga."

Suk-Fong akasimama mlangoni pa bafu, mikono kiunoni. Corinna naye hakurudi nyuma, ingawa machozi yalimlengalenga. Mama akayaona.

"Kaa hapo, mkaidi wee. Kama ni lazima, nitakuosha mimi, kwa maji ya moto ya maganda ya tangawizi."

Akayachemsha, akamwosha, akamkausha unywele kwa unywele.

"Sasa nanuka supu," Corinna akacheka.

"Afadhali supu kuliko ugonjwa."

Mtoto alikuwa ameshalala. Corinna akapitiwa na usingizi mapajani mwa mamaye. Suk-Fong akakipapasa kile kichwa mpaka akahakikisha kimekauka, ndipo naye akasinzia.