Mikono Niliyoiazima Jeddah

Nilimchonga baba kwa siku sita, nikaanzia mikononi. Uso niliuacha mwisho kwa sababu niliuogopa.

Tulikuwa Malaz, Riyadh, mimi na Danson, katika chumba tulichopanga pamoja. Danson alikuwa mlinzi wa ofisi kule Olaya, na Jumapili alikuwa anakwenda nyumbani kwa likizo. Mimi sikuwa naenda kokote. Baba alikuwa amezikwa mwezi uliopita bila mimi. Ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ilikuwa imeisha muda, bosi alikuwa bado anaishughulikia, na bila ikama hutoki. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Bukra, Hezron." Nilikaa na kesho hiyo mpaka wakamfukia.

Mama aliniomba kitu kimoja tu. Siku ya ukumbusho ilikuwa inakaribia, na hakukuwa na picha hata moja ya baba akipiga litungu, kinanda chetu cha nyuzi. Miaka arobaini aliwapigia watu kwenye harusi na matanga, na picha iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyeshikwa na polisi.

"Wewe si unachora?" mama alisema. "Nichoree baba yako na litungu lake."

Ni kweli, nachora kila siku. Kazi yangu ya udereva ni kungoja: kungoja watoto shuleni, kungoja madam kwenye maduka ya Sulimaniyah. Wenzangu hungoja na simu, mimi na daftari. Penye muziki ndipo penseli yangu huchangamka. Mpiga udi wa mkahawani, Wafilipino na gitaa zao bustanini, wote nimewachora. Mchoro ukinikaa moyoni nauhamishia kwenye kipande cha lino, lile zulia gumu la plastiki, nauchonga kwa kisu, napaka wino kwa rola, nalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Panapochongwa hutoka peupe, panapobaki hutoka peusi. Lino haina kifutio. Ukichonga pasipofaa, maji yamemwagika.

Mwaka mmoja kabla ya msiba niliipeleka familia ya bosi Jeddah. Alasiri moja, wao wakila samaki kando ya bahari, mzee mmoja alikaa kitini na kupakata simsimiya. Nilishtuka, maana nilikuwa natazama litungu: nyuzi zimekazwa kwenye mti wa juu vivyo hivyo. Mkono mmoja ulizikuna, mwingine ukazinyamazisha kwa nyuma. Nyumbani palinijia ghafla. Nilijaza kurasa kumi na moja, zote mikono yake. Baba alipokufa, kurasa hizo ndizo nilizozifungua. Uso wake niliukumbuka, mikono niliiazima.

Alhamisi jioni nikatoa chapa ya kwanza. Danson aliinuka kitandani kuitazama.

"Buda, huyu mzee anapiga kweli," akasema.

Kichwa kikanivimba. Nikaipiga picha nikamtumia mama. Saa nzima ikapita, kisha akapiga simu.

"Uso ni wake," alisema. "Hata ile hasira yake ya njaa umeiweka. Lakini mikono hii ni ya nani?"

"Ya baba."

"Hezron, mkono wa kushoto, baba yako alikuwa na vidole vinne."

Nilikaa sakafuni, nikakumbuka. Nilikuwa na miaka mitano, kwenye kiwanda kidogo cha sukari guru karibu na kwetu Kabuchai. Muwa ulikuwa umekwama mashineni, nami nikaingiza mkono kuutoa. Baba aliuchomoa mkono wangu, wake ukashikwa. Kidole cha shahada kikaenda na miwa. Alipopona alijifunza nyuzi upya kwa vidole vilivyobaki, na hakuwahi kunitajia jambo hilo, hata alipokuwa amelewa. Hakuna mtu nyumbani aliyenitajia. Kwa hiyo nilipata raha ya kusahau. Mikono ya mtu niliyemwona kwa saa moja niliijua mshipa kwa mshipa, na mkono ulioniokolea wangu niliusahau. Niliona aibu kubwa kuliko zote maishani mwangu.

"Nitaanza upya," nilimwambia Danson.

"Na safari ni Jumapili? Toa tu hicho kidole. Si lino ni kutoa?"

Hakujua alichokuwa akisema, lakini alisema kweli. Ijumaa asubuhi niliketi na kisu. Kwenye lino kila kitu huwa kinyume, hivyo nilihakikisha mara tatu ni mkono upi. Nikaweka ncha kwenye fundo la kidole. Mashine ilikichukua mara moja. Mimi nilikaa nacho mpaka adhuhuri, nikikiondoa chembe kwa chembe, nikilia bila kujificha, na Danson akageukia ukutani.

Jumapili Danson akaondoka na chapa ishirini za kumpelekea mama. Siku ya ukumbusho mama alinipigia kabla wageni hawajafika.

"Nimeiweka mezani," alisema. "Sasa ni yeye."

"Mama, kile kidole..."

"Ulikikata mwenyewe?"

"Ndiyo."

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi.

"Pole, baba," akasema. "Siku ile hospitalini baba yako hakuulizia kidole chake. Aliuliza tu kama mkono wako unashika vitu."

"Unashika, mama," nikamwambia.