Viazi vya Mama Mkwe Mferejini

Mimi Felisian ndiye niliyekabidhiwa lambo la kijiji chetu, huku Butiama, na asije mtu akaniambia kazi ile ni rahisi. Lambo ni tuta la udongo lililozuia mto. Pembeni, chini kidogo ya kimo cha tuta, kuna mfereji mpana wa kutolea maji yaliyozidi. Maji yakikosa mfereji yanapanda juu ya tuta, yanaula udongo, na lambo linakwisha siku hiyo hiyo. Na katapila la serikali lililolichimba halirudi ng'o. Siku hizi tunaambiwa tuchangie wenyewe.

Mfereji ule ulikuwaga mkavu miaka yote. Basi mama mkwe wangu, Dafroza, akaona shamba la bure. Akapanda viazi vitamu, akauziba mdomo kwa mawe na udongo, eti maji yasije yakaviozesha.

Angekuwa mwingine ningemfukuza. Lakini kwetu mkwe hakaribiwi. Nikimwona njiani naingia porini, naye anajifunika khanga. Nilimtuma mke wangu, Hyasinta, mpaka akachoka. Jibu lile lile: "Udongo mzuri hivi ukae bure kungoja mvua ya ndoto?"

Mwishoni mwa tisini na saba ikaja mvua kubwa ya Elinino. Asubuhi moja nikakuta maji yamebakiza shubiri kufika juu ya tuta, na ng'ombe wa kijiji kizima hawana pengine pa kunywa kiangazi. Hyasinta yuko Musoma, kaenda kuuza mahindi, hajarudi. Mama mkwe yuko palepale, anaongeza mawe. Nilikasirika sana. Nikashika jembe, nikamwendea kinyumenyume, nikasema na ng'ombe aliyekuwa karibu.

"Wewe ng'ombe, mwambie mama atoke, nabomoa."

"Ng'ombe," akajibu, naye kanigeuzia mgongo, "mwambie viazi vyangu havijakomaa."

"Mwambie tuta likikatika, wewe mwenyewe utakunywa nini?"

Halafu nikasikia mawe yanaanguka. Kumbe anayatoa mwenyewe. Nikaanza kuchimba upande wangu, tumepeana migongo. Mara udongo ukaachia. Maji yakanizoa miguu, jembe likaenda, viazi vikaenda, nami nikawa navifuata, mpaka mkono mgumu ukanidaka kola.

Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe. Niliona aibu, nikajaribu kujinasua.

"Tulia, Felisian," akasema. "Viazi nitapanda vingine. Mume mwingine wa Hyasinta nitamtoa wapi?"