Mlango wa Hafungi

Saa sita kasoro robo afisa wa maafa alinikabidhi karatasi moja, akaniambia nina saa nne. Bwawa la juu lilikuwa limejaa kwa mvua ya wiki nzima na ukuta wake umeanza kuvuja. Wahandisi wangefungua milango yote saa kumi jioni, kabla ukuta haujapasuka wenyewe, na maji yangefika mtaa wa bondeni kabla ya saa kumi na moja. Mnara wa simu ulikuwa umezimika tangu juzi. Magari mawili ya ofisi yake afisa yalikuwa yakihamisha wagonjwa. Kwa hiyo, alisema huku akinitazama kama mtu anayejaribu kiatu cha mwisho kilichobaki dukani, ilibaki pikapu yangu na vipaza sauti vyake viwili.

Niliisoma karatasi pale pale nimesimama, na sitaficha, niliipenda. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na nane, katika darasa la usiku, na tangu hapo maandishi yaliyonyooka hunituliza moyo. Ilisema wakazi wa maeneo ya bondeni wanatahadharishwa kuwa kutakuwa na utoaji wa maji unaodhibitiwa, ambao utasababisha kina cha mita moja na nusu juu ya usawa wa barabara, na wanaombwa kuhamia maeneo ya juu mapema iwezekanavyo. Sikubadilisha hata nukta. Nikasafisha koo, nikateremka.

Dada yangu mkubwa anaishi huko bondeni, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Ni fundi wa nguo, ana miaka sabini na mitatu na goti moja lisilokunjika. Hakuna mahali anapofika haraka.

Mzunguko wa kwanza niliuendesha polepole, kipaza sauti mkononi, nikilitamka kila neno mpaka mwisho wake. Watu walitoka nje. Nilifurahi kuwaona wakitoka, kisha nikaona kuwa wanacheka. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliuliza kama leo magodoro yana punguzo. Mwenzake akamjibu kuwa bila shaka, na leo ndiyo mwisho. Fundi baiskeli akapiga mluzi wa wimbo wangu wa magodoro, na ukaruka kutoka kibaraza hadi kibaraza mpaka ukanipita mbele.

Hapo lazima nieleze. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikipita mtaa ule kutangaza magodoro ya duka moja la mjini. Tangazo lilikuwa fupi: leo ndiyo mwisho, kesho hutayakuta. Nililisema Jumatatu, nikalisema Jumanne. Nililisema vizuri, kwa sauti nzito niliyojizoeza mbele ya kioo, na kesho yake magodoro yalikuwepo kama kawaida. Wakanibandika jina la Mzee Magodoro. Nililipokea kama sifa.

Mzunguko wa pili niliongeza sauti. Saa saba na robo. Hakuna aliyefunga hata begi. Maji ya mto yalikuwa bado chini, ya rangi ya chai, yanapita taratibu kama hayana habari, na jua lilikuwa limetoka. Hata mimi, kama nisingeiona hofu machoni mwa yule afisa, ningeanika nguo.

Nikasimamisha gari kwa dada. Alikuwa kwenye cherehani yake barazani, pini nne mdomoni. Nikamweleza yote, tena bila kipaza sauti. Akatoa pini moja moja akizichomeka kwenye mto wake mdogo, na hakufungua mdomo mpaka ya mwisho.

"Mdogo wangu," alisema, "ile siku uliyosema magodoro yanaisha, niliacha pasi juu ya gauni la bibi harusi nikakimbia na goti langu hili. Nimerudi, gauni lina tundu la kupitisha kichwa cha pili. Kesho yake nakusikia tena, leo ndiyo mwisho."

Nikamwambia yale yalikuwa magodoro, na haya ni maji. Akasema sauti ni ile ile. Nikamwambia nitambeba kwa nguvu. Akanitazama mikono, akacheka. Saa nane kasoro ishirini.

"Nikimwona Hafungi anafunga," alisema akirudisha uzi kwenye sindano, "nitasimama. Kabla ya hapo usinipotezee mchana."

Hafungi ni mwenye duka la kona. Lina mlango wa bati la kijani unaoshushwa kutoka juu, na mlango huo haujashushwa tangu alipoukaza kule juu kwa skrubu. Usiku hulala nyuma ya kaunta, na mtu akigonga kibao anauziwa kiberiti. Siku ya msiba wa baba yake aliwauzia waombolezaji sukari, akafuta machozi, akarudisha chenji. Wakati wa vurugu za miaka ile, mawe yakiruka barabarani, aliuza.

Nami nilikuwa mtu wa mwisho aliyestahili kumwomba kitu. Tulianza darasa la usiku pamoja. Usiku mmoja alisoma kwa sauti, akakwama, nami nikamsahihisha mbele ya wote, neno kwa neno, mpaka darasa likacheka. Hakurudi tena. Miaka thelathini na zaidi amekuwa akiniita mwalimu, na hakuwahi kuniita hivyo kwa heshima.

"Mwalimu," alisema nilipoingia. "Leo umeleta mito au mashuka?"

Nikamwambia naomba afunge duka. Akaendelea kupima mchele. Nikamwambia kuna karatasi ya serikali. Akasema nisome, basi, yeye si anajulikana hajui. Nikaisoma mara ya saba siku ile. Alisikiliza hadi mwisho, kibaba kikiwa hewani.

"Sijaelewa," alisema. "Hayo maji yatanifika wapi?"

Nikaitazama tena ile karatasi. Niliisema ile mita moja na nusu mtaa mzima, kwa matamshi safi, bila kujiuliza hata mara moja kama ni ya magoti au ya shingo. Nilijua kuitamka tu. Nikamwambia anisubiri, na kwa mara ya kwanza siku ile nikakimbia.

Dada hakutaka kunipa tepu yake ya kupimia nguo. Hiyo tepu haimtoki shingoni. Akasema kama naitaka nitaichukua pamoja naye, akashika fimbo, tukavuka barabara kwa mwendo wa goti lake. Saa nane na nusu. Alipoinyoosha, wateja watatu waliingia kutazama mchezo.

Nikamwomba dada akanyage ncha moja usawa wa barabara, mbele ya kizingiti. Nikapandisha nyingine. Tepu ya fundi ni sentimita mia na hamsini kamili. Ilipita kibao cha kaunta, ikapita mzani, ikapita magunia ya sukari na rafu ya sabuni, ikaishia kwenye redio.

"Tepu yote?" Hafungi aliuliza.

"Yote."

Akatoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo sikumbuki kuliona kabla ya siku ile. Akasimama karibu na ile ncha. Ni mtu mfupi. Ilimfika puani. Akakaa hivyo kidogo, akipumua. Kisha akamgeukia dada, ambaye ni mfupi kuliko yeye, akampima kwa macho, na dada akatazama pembeni.

Akachukua bisibisi.

Skrubu mbili zilitoka, ya tatu ilikuwa kutu tupu, akaivunja kwa jiwe la mzani. Kisha akaning'inia kwenye ule mlango na uzito wake wote. Ulilia. Sijawahi kusikia chuma kikilia vile, kama treni inayofunga breki ndani ya chumba. Ulishuka shubiri kwa shubiri, na kila shubiri mtu mwingine alitoka nyumbani kwake. Ulipogonga sakafu, mluzi wa fundi baiskeli ulikatika katikati.

Dada akatoa chaki yake ya kukatia nguo. Hafungi akachora mstari juu ya bati la kijani, mwisho wa tepu, akaurudiarudia mpaka ukawa mnene kama kiganja. Watu wakaja kusimama penye mstari, mmoja mmoja. Yule mama wa nguo alimsimamisha mwanawe pale, akauinua mkono wa mtoto juu ya kichwa chake, mkono haukufika kwenye mstari. Akamnyanyua, akaanza kutembea. Hakurudi kuanua nguo.

Saa tisa barabara ilikuwa imejaa watu wanaopanda. Nikaving'oa vipaza sauti vyangu garini, nikavitupa barazani kwa dada, maana nafasi ilihitajika. Nilipanda mlima mara nne, na wazee, na mlemavu mmoja na kiti chake, na cherehani, kwa sababu dada alikataa kupanda kabla yake. Mara ya mwisho Hafungi alikaa nyuma amekumbatia redio na mzani.

Tulisimama kwenye ua wa shule, juu, hatua mia mbili hivi kutoka dukani. Saa kumi na dakika thelathini na tano mto ulinyamaza kidogo, halafu ukaja. Hapakuwa na wimbi. Barabara iligeuka tu kuwa rangi ya chai, na nguo za yule mama zikaanza kuogelea kwenye kamba zao. Baraza la dada likatoweka, na vipaza sauti vyangu pamoja nalo.

Hafungi alikunja macho. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba siku hizi haoni mbali.

"Nisomee," alisema.

Nikatazama bati la kijani. Maji yalipanda penye kizingiti, yakapanda usawa wa kaunta, yakachukua muda mrefu.

"Yamegusa mstari," nilimwambia.

"Yamesimama?"

Nikangoja niwe na hakika. "Yamesimama."

Akaitikia kwa kichwa. Dada alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha darasa, goti limenyooka mbele yake, anakunja tepu yenye tope.

"Basi ulisoma sawasawa," Hafungi alisema, akaniwekea redio mikononi nimshikie, apate kutafuta mahali pa kuweka mzani.