Vijiti Vilivyopandwa Kichwa Chini

Mimi ni fundi cherehani, na kitu kilichokaa upande kinaniuma macho. Nikialikwa kwa mtu na pazia lake limening'inia vibaya, chai hainipiti kooni mpaka nisimame nikaliweke sawa. Mume wangu anasema huo ni ugonjwa. Dada yake, yaani wifi yangu muuguzi, anasema ni kiburi. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba madhara niliyoyafanya pale kijitoni sikuyafanya kwa roho mbaya. Niliyafanya kwa ufundi.

Kijito chenyewe kinapita nyuma ya chumba changu cha kazi, dirisha langu linakitazama. Zamani kingo zake zilikuwa na mierebi iliyoinamia maji, na samaki wadogo walijificha na kutaga kwenye mizizi. Watu wakakata miti kwa kuni na nguzo. Ukingo ukabaki uchi, kila mvua ikinyesha udongo unaporomoka, na samaki wakabaki wachache tu kule juu, chini ya mwerebi mmoja uliosahauliwa na mashoka. Halmashauri ikaja na dawa yake: kingo zote mbili zijengwe kwa saruji, kuanzia daraja la juu hadi la chini. Hapo samaki wangekwisha kabisa.

Wifi yangu hakukubali. Alikwenda ofisini kwao siku nne mfululizo, kila akitoka zamu, akaketi kwenye benchi na sare yake ya hospitali mpaka mhandisi akachoka kuruka miguu yake. Wakaandikiana. Watu wa kujitolea wapande vijiti mia nne vya mwerebi. Mvua kubwa zikipita, mhandisi atakuja kuhesabu mwenyewe. Vilivyo hai na vilivyoshika udongo vikifika mia mbili, saruji haimwagwi. Kikipungua kimoja, mashine zinaingia.

Tulijitokeza watu kumi na wanne. Mimi nilikwenda kwa sababu wifi alisema mbele ya mume wangu kwamba nisingeweza kukanyaga tope. Kukata vijiti alipewa fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yangu tunayemwita Cheche. Akaniletea mafurushi ili niyafunge vizuri na kuyaloweka kwenye mapipa hadi Jumamosi. Nilipoyafungua nilishika kiuno. Kimoja kirefu, kingine kifupi. Upande mmoja umekatwa bapa, upande wa pili umekatwa mshazari. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi ya mtu aliyezoea kukata kwa moto.

Nilichukua mkasi wa kupogolea na futi yangu ya kitambaa, nikavikata vyote upya, urefu mmoja, ncha zote mbili bapa. Nikavifunga ishirini ishirini kwa vipande vya kitambaa cha buluu. Vilipendeza hata nikamwita mume wangu aje avione. Jumamosi wifi alikuwa zamu, akatuachia kazi. Cheche akashika kijiti cha kwanza, akakigeuza geuza, akaniuliza, "Mama, chini ni upande upi?"

"Wowote," nikamjibu, tena kwa kujiamini. "Nimevisawazisha."

Basi tukavichomeka vyote mia nne kwa mstari ulionyooka, nikirudi nyuma kila mara kuukagua. Niliondoka pale nimechoka na nimefurahi.

Wiki ya tatu wifi alitukusanya kijitoni. Vijiti vichache vilikuwa vimetoa majani. Kama nusu hivi vilisimama vimepauka rangi, vingine vimechomoza kitu cha manjano kilichojikunja kuelekea chini. Wifi alichuchumaa, akashika tama. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya baba yao, lakini siku hiyo machozi yalimtoka.

"Labda udongo una sumu," alisema. "Kesho nitamwambia mhandisi asisubiri mvua, alete saruji yake."

Cheche akasema, "Dada, mimi nilivikata kama ulivyonielekeza. Juu bapa, chini mshazari, ili mpandaji ajue upande wa mizizi."

Nikaukumbuka mkasi wangu. Ningeweza kunyamaza. Udongo ulikuwa umeshabeba lawama, na udongo haujitetei. Lakini nilimtazama yule mwanamke aliyechuchumaa na viatu vyake vya kazini tope tupu, nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Wifi," nilisema, "ule mshazari niliuondoa mimi. Ulikuwa haulingani na ncha nyingine. Vingine tumevipanda kichwa chini."

Watu wakatazama miguu yao.

"Vingine vingapi?"

"Kama nusu."

"Nusu ipi?"

"Hapo ndipo sijui."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Wifi alifuta uso kwa mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Vyote vimejaa tope, vimesinyaa. Nani atajua kipi kiko juu na kipi kiko chini?"

Niliinama nikashika kilichokuwa karibu, ili tu nisimtazame. Nikakipapasa kwa kidole gumba, na kidole kikakwama mahali. Nikarudisha kutoka upande wa pili, kikateleza. Nikajaribu tena, nimefumba macho. Kila anayeshona mahameli anajua kwamba kitambaa hicho kina upande wake. Ukikipapasa kuelekea manyoya yanakolala ni laini, ukirudi kinyume kinakukatalia, na ukikosea hapo unaharibu gauni zima. Kijiti kile nacho kilikuwa hivyo. Macho yake madogo ya kuchipua, ambayo hayakuonekana kwa tope, yote yalilala kuelekea upande mmoja. Upande wa majani. Na majani ya kijiti hiki yalikuwa yanataka kwenda chini ardhini.

"Hiki kigeuzwe," nikasema. Nikashika cha pili. "Hiki kiko sawa."

Wifi alisimama. "Una hakika?"

"Nimeshona mahameli miaka thelathini na moja."

Nikavua viatu, nikafunga kanga kiunoni, nikaingia kwenye maji. Nilitembea ukingo mzima nikipapasa kijiti kimoja kimoja, na nyuma yangu Cheche na wifi wakichomoa na kuchomeka. Sawa. Sawa. Geuza. Sawa. Geuza. Ilituchukua siku mbili. Vidole vilivimba, mgongo ukagoma, mume wangu akala mkate mkavu bila kulalamika. Tuligeuza mia moja na tisini na tatu. Mstari wangu ulipinda wote, nami sikuugusa.

Kisha mvua zikaja, na hazikuja kwa utani. Siku tisa kijito kilinguruma chini ya dirisha langu. Nilishona pindo moja mara tatu, maana macho yalikuwa nje. Nilikuwa naogopa, na siku ile ya saba nilimtuma mume wangu kwa wifi na ujumbe kwamba naogopa. Alijibu kwamba hata yeye.

Mhandisi alikuja wiki mbili baada ya maji kushuka, na buti mpya na daftari. Hakuwa mtu wa maneno. Kila kijiti alikivuta. Kikitoka anakitupa, kikikataa anaandika. Kumi vya kwanza alivuta kwa vidole viwili. Vilikataa vyote. Akaanza kuvuta kwa mkono mzima, kisha kwa mikono yote miwili. Vilitoka vingine, sikatai, na kila kilichotoka kilinichoma. Lakini kalamu yake iliendelea kutembea, na alipofika kwenye kona ya maji alisimama, akasema, "Mia mbili."

Bado theluthi nzima ya ukingo ilikuwa mbele.

"Endelea," wifi akamwambia. "Usituhesabie nusunusu."

Akaendelea. Cha mwisho kabla ya daraja alikivuta mpaka akateleza, akaketi majini na suruali yake ya ofisi. Kijiti hakikutikisika. Ila pale chini, kwenye mizizi myeupe iliyoning'inia majini, samaki wadogo wa urefu wa sindano walitawanyika pande zote, wengi wasiohesabika, kisha wakarudi kujificha palepale. Mhandisi alibaki ameketi akiwatazama. Hakuna aliyemcheka.

"Mia tatu na kumi na nane," alisema hatimaye, akafunga daftari. "Saruji haiji huku. Nina vijito viwili vingine vyenye hali hii. Nani aliyesimamia upandaji hapa?"

Nikamtazama wifi. Benchi lilikuwa lake, siku nne zilikuwa zake, na jibu lilikuwa lake. Yeye akanishika bega kwa mkono wa tope, akanisukuma mbele.

"Muulize huyu," alisema. "Hapa hakuna kijiti ambacho hakikupita mkononi mwake."

Nililia palepale mbele ya mhandisi, kwa sauti, wala sikuona haya.