Lenzi za Mbali

Herufi ya tatu Ussumane aliibahatisha.

"E," alisema.

"Usibahatishe, mzee. Hapa si mtihani." Sónia akachomoa kioo kimoja kwenye fremu nzito ya kupimia aliyokuwa amemvisha puani, akachomeka kingine. "Na sasa?"

Sasa aliiona. Haikuwa E, ilikuwa F. Na chini yake kulikuwa na mstari mzima wa herufi ndogo ambao muda wote huo yeye alidhani ni uchafu wa ukutani.

Walikuwa kwenye baraza ya kituo cha afya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, saa moja na nusu asubuhi, na foleni nyuma yake ilishafika langoni. Sónia alikuwa fundi wa macho kutoka Nampula. Alikuja na masanduku mawili ya lenzi zilizokwisha kukatwa, za mviringo, ambazo huzibana kwenye fremu na mtu akaondoka nazo palepale. Leo ilikuwa siku yake ya mwisho. Angerudi baada ya wiki sita. Ussumane alikuwa dereva wa lori la Dona Alzira, mwenye duka Mocímboa na jingine Palma. Lori lilikuwa nje, limepakiwa unga na mafuta ya kula tangu jana jioni, na Dona Alzira alishapiga simu mara mbili.

Aliendesha miaka ishirini na miwili bila kumwambia mtu kwamba vibao vya barabarani anavisoma akishavifikia. Mwezi uliopita, karibu na Olumbi, aliona kitu cheupe ukingoni mwa barabara akadhani ni mchanga. Ilikuwa mihogo imeanikwa, na mwanamke ameinama akiigeuza. Kioo cha pembeni cha lori kikaondoka na mtandio wake. Ussumane alisimama mbele kidogo, akashuka, akauokota, akaurudisha kwa mikono miwili. Yule mama hakumtukana. Aliupokea mtandio, akaukung'uta vumbi, akaendelea kugeuza mihogo. Wiki iliyofuata Ussumane alikwenda mwenyewe ofisi ya leseni akaomba apimwe. Wakampa leseni mpya yenye muhuri mwekundu: haruhusiwi kuendesha bila miwani.

"Unafanya kazi gani?" Sónia aliuliza.

"Dereva."

"Kusoma je?"

"Karatasi za mzigo. Simu."

Akamvua fremu, akampa karatasi ya maelezo iliyotoka kwenye boksi la dawa. Ussumane akaisogeza karibu, akaisoma mpaka yale maandishi madogo ya mwisho.

"Umeona? Karibu huna shida. Wengine watakushauri ununue za ngazi mbili, zile zenye kijimstari: juu mbali, chini karibu. Wewe hazikufai. Utashuka kwenye lori unakitazama kikanyagio kupitia kioo cha kusomea, utavunjika mguu bure. Chukua za mbali tupu, nyeupe. Ukitaka kusoma, vua."

"Basi nipe hizo."

Sónia akapekua sanduku la kwanza, kisha la pili. Kila lenzi ilikuwa kwenye bahasha yake ndogo yenye namba. Akarudi sanduku la kwanza.

"Namba yako nyeupe zimekwisha. Jana walikuja walimu wengi." Akaweka bahasha mbili mezani. "Nina hizi, nyeupe, lakini namba ndogo. Utaona vizuri kuliko sasa, ila mtu aliye mbali utamjua kwa mwendo tu, uso hutauona. Na nina hizi, namba yako hasa, lakini ni zile zinazogeuka rangi. Kivulini nyeupe, juani nyeusi."

"Kwa dereva si nzuri hizo?"

"Wanaouza ndivyo wanavyosema." Sónia alicheka kidogo. "Kioo cha mbele cha gari kinazuia ule mwanga unaozigeuza. Ukiwa unaendesha zitabaki nyeupe. Ukishuka tu, zinakuwa nyeusi. Kivuli unakipata mahali usipokihitaji."

"Lakini nitaona?"

"Kuona utaona."

Bei yake ilikuwa mara tatu ya zile nyeupe. Ussumane aliziangalia bahasha mbili. Akafikiria wiki sita, akafikiria kumjua mtu kwa mwendo. Akalipa.

Nje alisimama kidogo kabla ya kupanda lori. Mkorosho wa ng'ambo ya barabara ulikuwa na majani mojamoja. Kwa miaka mingi alikuwa anauona kama rundo moja la kijani.

Njiani kuelekea Palma aliendesha taratibu, si kwa woga, bali kwa sababu vitu vilikuwa vingi. Aliona kuku kabla hajakaribia. Aliona nyufa za ukuta wa shule, na watoto waliokaa nje yake wakiandika mapajani. Lenzi zilibaki nyeupe, kama Sónia alivyosema.

Kizuizi cha askari alikikuta saa tano kasoro. Kamba ilikuwa imekazwa, na utaratibu ulikuwa uleule: zima injini, shuka, tembea hatua hamsini mpaka kwenye turubai, toa karatasi. Hakukuwa na kivuli hata cha kufunika kichwa. Alipofika katikati ya njia, dunia ilianza kuwa ya kahawia.

"Wewe! Vua miwani ya jua!" askari kijana alipaza sauti. "Hapa sura wazi. Hujui amri?"

"Si ya jua, mwanangu. Ni ya macho."

"Nakuona ni nyeusi, unaniambia si ya jua?"

"Ngoja tuingie kivulini. Zitakuwa nyeupe."

Askari akamfuata mpaka chini ya turubai, macho yake hayabanduki usoni mwa Ussumane. Weusi ukaanza kupungua, polepole, kama chai inayoongezwa maziwa. Yule kijana akarudi nyuma hatua moja.

"Sajenti! Zinageuka zenyewe! Zina kamera!"

Sajenti alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi kandokando ya masikio, amekaa nyuma ya meza yenye daftari na chupa ya maji. Akanyoosha mkono. Ussumane akavua miwani, akampa, pamoja na leseni. Sajenti aliishika leseni mbali na uso, akaisogeza mbali zaidi mpaka mkono ukaisha. Akakunja uso. Kisha akaichukua ile miwani akaivaa, akaitazama leseni tena. Akaivua upesi.

"Hii haionyeshi kitu kabisa."

"Hiyo ni ya mbali, sajenti," Ussumane alisema. "Wewe shida yako ni ya karibu. Inakufaa ya kusomea."

Askari kijana akainamisha kichwa kuficha kicheko. Nje, gari lililokuwa limefika nyuma ya lori lilipiga honi.

"Nani amekuambia nina shida?"

Ussumane akautazama ule mkono ulioshika leseni.

"Imeandikwa nini hapa?" Sajenti akamsukumia leseni.

Ussumane akaileta karibu na pua, akasoma. "Mwenye leseni hii haruhusiwi kuendesha bila miwani."

"Vizuri. Na amri ya hapa inasema hakuna miwani nyeusi. Miwani inabaki itazamwe. Wewe toa gari njiani."

"Sajenti, nikiendesha bila miwani, kizuizi cha mbele watanikamata."

"Hilo la kizuizi cha mbele."

Alirudi kwenye lori. Akakaa, akawasha injini. Kamba ikashushwa, au alidhani imeshushwa. Aliona kitu cha kijani kikisogea pembeni. Kutoka hapo mpaka Palma kulikuwa na vijiji vinne, na saa sita watoto wangetoka shule. Mbele kidogo, ukingoni mwa barabara, kulikuwa na kitu cheupe. Akakikodolea macho. Kingeweza kuwa mchanga. Kingeweza kuwa gunia. Jana angekipita.

Akazima injini.

Dereva wa gari la nyuma, Cosme, aliyekuwa amebeba barafu ya samaki, alimkuta akishuka.

"Kaka, vipi? Toa gari, barafu inayeyuka!"

"Sioni, Cosme."

"Basi na siku zote ulikuwa huoni, na ulikuwa unakwenda!"

"Ndiyo. Nilikuwa sijui ni kiasi gani sioni."

Akatembea tena zile hatua hamsini. Akaweka ufunguo mezani, kando ya miwani.

"Leseni yangu hainiruhusu, sajenti. Nipe miwani, au mpe askari wako ufunguo aendeshe."

"Unanipangia kazi?"

"Hapana. Nakurudishia amri zenu mbili, ya leseni na ya miwani. Mimi nimeshindwa kuzifuata zote."

Simu ikalia mfukoni. Sauti ya Dona Alzira iliwafikia wote watatu.

"Uko wapi? Palma wanasubiri unga!"

"Kwenye kizuizi, patroa. Lori limesimama," akamjibu tajiri wake.

"Nani amelisimamisha?"

Ussumane akafikiri. "Mimi."

"Ussumane, sikiliza. Kama lori halijafika saa nane, kesho nampa Latifo ufunguo. Madereva wapo wengi."

"Sawa, patroa."

Akairudisha simu mfukoni. Alikuwa na watoto watano na nyumba ya kupanga, na hesabu ya mwezi ujao ilikuwa imekwisha kumpitia kichwani mara moja. Lakini hakunyoosha mkono kuuchukua ufunguo.

Magari yalikuwa sita sasa, kisha saba. Mtu alipaza sauti akauliza kama barabara imefungwa. Sajenti alisimama, akaitazama foleni, akakaa. Miwani ilikuwa mbele yake mezani, nyeupe kabisa kama maji. Hakuigusa.

"Andika," akamwambia askari kijana, akimsukumia daftari. "Dereva amekataa kuondoa gari."

"Aandike na sababu," Ussumane alisema.

Sajenti akanywa maji ya chupa yake. Jasho lilimtiririka shingoni. "Andika na sababu," akasema hatimaye.

Askari akaanza kuandika, akibana kalamu. Ussumane akavuta kreti tupu, akakaa kando yake, karibu kiasi cha kuona wino ukikauka kwenye karatasi. Akafuatisha kila neno kwa macho. Kijana alipofika mwisho wa mstari, Ussumane akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hapa umeruka neno. Umeandika leseni hairuhusu kuendesha miwani. Weka *bila*."

Askari akamtazama sajenti. Sajenti alikuwa amegeukia magari.

Askari akaliandika.